Sufuria Haijawahi Kuwa na Kesi

Katika ubishi wa bisi zipikwe wapi, sufuriani au kwenye maikrowevu, niko upande wa sufuria. Nalisema mapema ili mpenzi wa pakiti za maikrowevu ajue ameingia nyumba ya nani. Lakini nina ugomvi pia na wenzangu wa upande huu, wale ambao wakimwona mtu anatia pakiti ya bisi kwenye maikrowevu huanza hotuba ya vyakula vya asili. Asili ipi? Mahindi yenyewe ni mgeni kwetu: yalivuka bahari kutoka Amerika, na Wareno ndio waliotuletea. Mwaka 2012 watafiti waliochimba Paredones na Huaca Prieta, pwani ya kaskazini ya Peru, walieleza kuhusu mabaki ya mahindi ya miaka kama 6,700, na kwamba watu wa pale walikuwa wakila bisi kabla hata hawajaanza kutumia vyungu. Kwa hiyo sufuria nayo imekuja baadaye. Anayetaka asili kwelikweli achome gunzi juu ya makaa, kisha azikimbize punje uani.

Hoja yangu ni nyingine. Ukiufuatilia mfuko wa bisi za maikrowevu tangu ulipoanza kuuzwa, utaona sehemu kubwa ya historia yake ni kuondolewa vitu. Mafuta yaliyohitaji friza yakaondolewa. Mafuta yaliyogandishwa kiwandani yakaja, nayo yakaondolewa. Harufu ya siagi, ikaondolewa. Kemikali ya kuzuia mafuta yasipenye karatasi, ikaondolewa. Miaka arobaini ya kupunguza, na kila kilichopunguzwa ni kitu ambacho sufuria haikukihitaji tangu mwanzo.

Maikrowevu na bisi wamejuana zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1945 Percy Spencer, injinia wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, alikuwa akifanya kazi na magnetroni, kifaa kinachozalisha mawimbi ya rada. Husimuliwa kwamba peremende iliyokuwa mfukoni mwake iliyeyuka, akashtuka, akaleta punje za bisi kujaribu, nazo zikaanza kuruka. Hataza yake mojawapo, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya mwaka 1949, ina mchoro unaonifurahisha kila nikiukumbuka: gunzi zima la mahindi ya bisi, punje zikiwa bado zimeshikana nalo, limo ndani ya mfuko, tayari kupasuliwa kwa mawimbi. Mtu angenunua gunzi lake dukani, aende nalo nyumbani. Wazo la mfuko lilikuwepo kabla hakujawa na maikrowevu ya kuingia jikoni kwa mtu. Ile ya kwanza kuuzwa, Radarange ya 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ya kuweka mezani ilikuja 1967, kwa dola 495.

Katikati hapo Wamarekani waliendelea na sufuria, au na Jiffy Pop, kile kikaango cha foili chenye mkono kilichoingia sokoni mwaka 1959, ambacho ulikitikisa juu ya jiko mpaka foili ikavimba. Halafu mwaka 1981 kampuni ya General Mills ya Minneapolis ikapata hataza ya mfuko wa kupasulia bisi ndani ya maikrowevu. Bisi za mwanzo za aina hiyo zilikaa kwenye majokofu ya duka pamoja na samaki na mboga. Mwaka 1984 kampuni nyingine ya jimbo hilohilo la Minnesota, Golden Valley, ikatoa Act II, ambayo ilikaa kwenye rafu ya kawaida bila ubaridi wowote. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mbio, na hapo ndipo matatizo yalipoanza kujipanga foleni.

Kuelewa matatizo hayo lazima uitazame punje. Punje ya bisi ni ganda gumu lililofungia wanga na maji kidogo, kama asilimia 14 ya uzito wake. Joto likifika nyuzi 180 hivi, maji yale yamekuwa mvuke wenye shinikizo la karibu mara tisa ya hewa ya kawaida, wanga umelainika, ganda linashindwa, na kile kilichokuwa ndani kinafura na kukauka papo hapo. Ganda likiwa na ufa, mvuke unatoka taratibu na hakuna kinachotokea. Punje ikikauka sana, vilevile.

Kwenye sufuria kazi hii ni rahisi kwa sababu mafuta ya moto yanaigusa punje pande zote. Kwenye maikrowevu si rahisi. Mawimbi hupasha maji yaliyomo ndani ya punje, ni kweli, lakini punje ni ndogo, hewa inayoizunguka haina joto, na lile linaloingia linakimbia. Nyingi hubaki vilevile. Dawa waliyoipata ni ile sehemu ya kijivu unayoiona ukiuchana mfuko: utando mwembamba mno wa aluminiamu uliobandikwa kati ya plastiki na karatasi. Mawimbi yakiupiga unapata joto la nyuzi zaidi ya 200. Ndiyo sababu mfuko huandikwa upande gani ukae chini. Yaani walitengeneza kikaango, wakakificha ndani ya karatasi, wakatuambia hatuhitaji kikaango.

Nawavulia kofia mainjinia waliofikiria hilo. Lakini tazama linavyozaa mengine. Kikaango kinahitaji mafuta, na mafuta yatakaa humo miezi kadhaa, kwenye ghala, kwenye kontena, dukani, kabatini kwako. Ya maji yatavuja na yatachacha, basi yawe ya kuganda. Yakipashwa moto yatapenya karatasi, basi karatasi ipakwe kitu cha kuyazuia. Mafuta ya kuganda hayana ladha ya maana, basi iongezwe ladha ya siagi. Siagi yenyewe haikai, basi itafutwe kemikali yenye harufu yake. Hakuna aliyekusudia ubaya katika mlolongo huu. Kila hatua ilikuwa jibu la hatua iliyotangulia, na yote yalitokana na uamuzi mmoja wa kwamba upishi ufanyike kiwandani na wewe ubonyeze kitufe tu.

Mafuta ya kuganda yalikuwa yale yaliyotiwa hidrojeni, yenye mafuta ya transi, ambayo yanaharibu mishipa ya moyo. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliamua kwamba hayahesabiki tena kuwa salama kutiwa kwenye chakula, na viwanda vikapewa hadi 2018 kuyaacha. Viwanda vingi vya bisi vikahamia kwenye mawese.

Habari ya ile harufu ni nzito zaidi, na hapa hasira yangu haijaisha. Ilitoka kwa diasetili, kemikali iliyomo hata kwenye siagi ya kweli, kidogo. Hatari yake iko kwenye kuvuta mvuke wake. Mwezi Mei 2000 daktari mmoja wa Missouri aliwaarifu wakuu wa afya wa jimbo kuhusu watu wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi za maikrowevu, wote wakiwa na ugonjwa wa mapafu ambao hata madaktari wengi hawajawahi kukutana nao: vijia vidogo vya hewa vinaingia makovu, vinaziba, na havifunguki tena. Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti afya za wafanyakazi, walipoingia kiwandani walikuta hali mbaya zaidi kwa waliokuwa wakichanganya mafuta na ladha kwenye matangi ya moto. Na si hao tu. Waliumia pia watu wa kitengo cha ubora, ambao kazi yao ilikuwa kukaa kwenye chumba chenye maikrowevu na kupasua mfuko baada ya mfuko, zamu nzima, wakifungua na kukagua. Mvuke ule ule unaokupanda usoni nyumbani mara moja jioni, wao waliuvuta kutwa.

Kampuni kubwa zilitangaza kuiacha diasetili mwaka 2007. Miaka saba baadaye, kumbuka. Na baadhi ya waliohama walikimbilia kemikali ndugu yake, pentanedioni, ambayo majaribio kwa panya yalikuja kuonyesha kwamba nayo inaumiza njia za hewa. Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama huko Colorado lilimpa mtu mmoja, mlaji wa kawaida aliyekuwa akila mifuko ya bisi hizi kila siku kwa miaka, fidia ya dola milioni 7.2. Mlaji wa mara mojamoja hana haja ya kuogopa kwa sababu ya kesi ile. Mimi wanaonisumbua ni wale wa kwenye matangi. Waliumia kwa ajili ya harufu, ya kitu ambacho kijiko kimoja cha siagi kingekitoa bure.

Kisha ile karatasi. Kilichopakwa kuzuia mafuta kilikuwa cha jamii ya kemikali zinazoitwa PFAS, ambazo zikiingia mwilini au ardhini hazitoki upesi. Duka la ushirika la Coop nchini Denmark liliamua mwaka 2015 kuziondoa bisi za maikrowevu kwenye rafu zake mpaka upatikane mfuko usio na kemikali hizo, na mwaka 2020 Denmark ikazipiga marufuku kwenye karatasi zote za kufungia chakula. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, kwa takwimu za afya za 2003 hadi 2014, uliona kwamba waliokula bisi za maikrowevu mara nyingi walikuwa na viwango vya juu vya baadhi ya kemikali hizi kwenye damu. Mwezi Februari 2024 FDA ikatangaza kwamba karatasi za chakula zilizopakwa PFAS za kuzuia mafuta haziuzwi tena sokoni mwao.

Mtu wa upande wa pili hapa atanikatiza: na bisi za sinema je? Hilo ni swali zuri. Mashine za sinema ni sufuria tu, kubwa na yenye kioo; Charles Cretors alizionyesha kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893 na umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Na mwaka 1994 shirika la kutetea walaji la CSPI lilipiga kelele kwamba bisi za sinema za Marekani zinakaangwa kwa mafuta ya nazi na zimejaa mafuta mabaya kwa moyo. Sinema nyingi zikabadilisha mafuta chapchap. Sawa, nalipokea. Lakini tofauti iko wazi: mpishi alibadilisha dumu la mafuta, yakaisha. Hakuhitaji hataza mpya, wala kuhamisha kiwanda, wala kusubiri miaka saba. Mimi mtoto wa Tanga mafuta ya nazi siyaachi kwa bisi, lakini nikiambiwa na daktari kesho niyaache, keshokutwa nitatumia ya alizeti kwenye sufuria ile ile.

Basi twende jikoni. Mama yangu mkubwa, Muheza, hakuwa na kipimo cha chochote, lakini utaratibu wake ulikuwa haubadiliki. Sufuria nzito, si zile nyepesi za kuchemshia chai, kwa sababu kitako chembamba kinaunguza punje za chini kabla za juu hazijapata habari. Mafuta ya kufunika kitako, basi. Punje tatu zinatangulia peke yake. Zikishapasuka zote tatu anazitoa, anamwaga nyingine zienee safu moja, anaiepua sufuria na kuitikisa bila moto kidogo, halafu anairudisha. Kule kuepua nilikuwa nikikuona ni madaha. Sababu yake ni kwamba punje zote zinapata joto linalokaribiana kabla yoyote haijapasuka, hivyo zikianza zinaanza pamoja, na waliochelewa wanakuwa wachache.

Kifuniko chake kilikuwa sinia la bati, limepishwa upande mmoja kiasi cha kidole kuingia. Hapo pia kuna siri. Bisi ikipasuka inatoa mvuke mwingi. Ukifunika gubigubi mvuke unarudi juu ya bisi na unapata kitu kinachotafunika kama mpira. Anatikisa kwa matambara mawili, sikio likiwa juu ya sinia. Sauti ikichelewa kiasi cha kuhesabu moja, mbili, ameshaepua. Chumvi ilikuwa ya mawe, imetwangwa kwenye kinu kidogo mpaka imekuwa unga, kwa kuwa chumvi nene hukimbilia chini ya bakuli na kukuacha unakula bisi chapwa mpaka ufike mwisho unune. Wajukuu wakitaka za sukari, sukari inatiwa punje zikianza tu kulia, na kutoka hapo mkono hausimami hata nukta moja, maana sukari haisamehe.

Tatizo kubwa la bisi za nyumbani siku hizi liko kwenye mahindi yenyewe. Gunia la sokoni limekaa wazi, jua linapita, maji ya ndani ya punje yanapungua, nawe unafika nyumbani unapata nusu bisi nusu kokoto, unalaumu jiko. Mwulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Ukishayanunua, yatie kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza. Yaliyokwisha kukauka yanaokolewa: maji kijiko kimoja kwenye chupa iliyojaa robo tatu, kaza, tikisa, tikisa tena kesho, uyape siku chache. Hurudi. Si yote, lakini mengi.

Sufuria ina kasoro zake na sizifichi. Mafuta yakipitiliza moto jiko zima linanuka. Punje inaweza kuruka na tone la mafuta mkononi. Sufuria itaoshwa, na tunajua inaoshwa na nani katika nyumba nyingi, hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa. Anayetumia mkaa asithubutu kuuingiza chumbani amefunga madirisha, gesi yake inaua. Na muuguzi wa zamu ya usiku, au mwanafunzi wa hosteli aliyekatazwa jiko, hawezi kuambiwa habari za kinu na sinia. Kwao mfuko ni mkombozi na sina neno.

Neno langu kwao ni moja tu: msibonyeze kile kitufe kilichoandikwa bisi. Maikrowevu nyingi zinacho, na mifuko mingi imeandikwa kabisa kwamba usikitumie. Kampuni mbili zinabishana mbele yako na anayeunguliwa ni wewe. Weka dakika kwa mkono, simama hapo, sauti zikipishana sekunde mbili zima. Ofisini kwetu kuna aliyekiamini kitufe kisha akaenda kupokea simu. Tulikaa na harufu ile mpaka saa za kutoka, na chai ya mchana ikawa na ladha ya moshi.

Na kwa mwenye maikrowevu nyumbani asiyetaka sufuria kuna njia ya tatu ambayo sielewi kwa nini haisemwi zaidi. Bakuli la kioo linalostahimili joto, punje zikitandazwa safu moja na kulainishwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, juu yake sahani ya udongo isiyo na nakshi za dhahabu. Inachukua muda zaidi ya mfuko, na zitakazobaki bila kupasuka ni nyingi kidogo, kwa sababu lile karatasi la aluminiamu halipo. Bakuli linatoka la moto sana, shika kwa kitambaa. Lakini mafuta umechagua wewe, chumvi umetia wewe, na hakuna kilichopakwa popote.

Nimeona pia kwenye supamaketi za hapa Dar pakiti zinazojisifu kwa orodha fupi mgongoni: mahindi, mafuta, chumvi. Ndiyo orodha ya mama mkubwa, ila imepita kiwandani na bandarini. Boksi lake lina mifuko mitatu, na pesa yake inanunua kilo ya mahindi ya bisi Kariakoo na chenji ya daladala inabaki.